Mzazi Asiye na Shamba

Silvano alilibandua tangazo ukutani kabla hata hajamaliza kulisoma. Akalikunja mara nne, akalitia mfukoni, kisha akageuka kuangalia kama kuna aliyemwona.

Aliyemwona ni Loyce tu, binti wa marehemu kaka yake, aliyekuwa akitoa kopi nyuma ya kaunta ya kile kiduka cha steshenari mjini Lushoto.

“Shikamoo, baba mdogo.”

“Marahaba. Hili tangazo lina siku ngapi hapa?”

“Limebandikwa leo asubuhi. Ni ufadhili wa chuo. Ada yote, chakula na malazi, kwa watoto ambao wazazi wao hawana shamba.”

“Basi usimwambie mtu. Utamjazia Brian fomu sasa hivi.”

Brian alikuwa mwanawe wa pekee. Silvano alikuwa na Fuso mbili za kupeleka kabichi Dar es Salaam, na nyumba iliyoezekwa kwa bati la rangi pale Lukozi. Angeweza kumsomesha Brian bila kuuza hata kuku. Ila cha bure kilikuwa hakimpiti mtu yule.

Alikuwa pia na shamba la bondeni, lile linalopata maji mwaka mzima, na hilo ndilo lililomfanya Loyce amchukie. Lilikuwa la baba yake, Danieli. Danieli alipofariki, hata matanga hayajaanuliwa, Silvano alikwisha kung'oa kabichi za mjane na kupanda viazi vyake. Filomena, mjane mwenyewe, alipolalamika, aliambiwa shamba la ukoo halina hati.

Loyce alikuwa amepata nafasi chuo kikuu. Mkopo wake ulifika nusu ya ada, na nusu nyingine ilikuwa mle shambani. Alimwendea baba yake mdogo, akapiga magoti kwenye tope mbele ya vibarua.

“Katafute ufadhili,” Silvano alimwambia huku akicheka. “Siku hizi upo mwingi.”

Vibarua nao walicheka. Loyce alisimama, akajifuta magoti, akaenda zake. Nafasi ile ilimpita. Maneno yale hakuyasahau, wala kile kicheko.

Sasa vidole vyake vilikuwa juu ya kompyuta, vikijaza jina la Brian. Angekosea tarakimu moja tu ya namba ya mtihani, kazi yote ingeharibika. Silvano hakuwa mjinga, alilijua hilo. Alisimama nyuma ya binti akisoma kila mstari, na tarakimu alizihesabu mwenyewe kwa kidole. Loyce hakukosea hata nukta.

“Hapa wanauliza shamba unalolima ni la nani,” alisema.

Silvano alijikuna kidevu. Wafadhili wangeweza kupanda Lukozi kuulizia, na wazee wa Lukozi midomo yao haina kufuli.

“Andika ukweli,” alisema, nusura acheke. “Shamba ni la marehemu Danieli, na sasa ni la mjane wake, Filomena. Mimi namsaidia kulilima tu.”

“Itabidi uape mbele ya hakimu, baba mdogo. Na watu wawili wa ukoo washuhudie.”

“Nitaapa hata mara tatu.”

Kesho yake aliiacha Fuso sokoni, akaenda mahakama ya mwanzo kwa miguu, amevaa kandambili na koti aliloazima kwa kibarua wake. Alishika Biblia, akaapa kwamba hana hata tuta moja. Binamu zake wawili wakatia sahihi, muhuri ukagongwa. Loyce alitoa kopi mbili, akabaki na moja ya faili.

Baada ya wiki mbili ukaingia ujumbe kwenye simu ya Silvano: Brian amepita mchujo, wasubiri barua. Silvano alichinja mbuzi. Nyama haijaisha ndani, akapata wito wa baraza la ardhi la kata.

Siku ya baraza watu walijaa mpaka nje. Filomena alikaa mbele, na Loyce akakaa pembeni yake. Mwenyekiti, Mzee Lucian, alisoma hati ya kiapo kwa sauti, polepole, tangu neno la kwanza mpaka muhuri.

“Silvano, hii sahihi ni yako?”

“Ni yangu, mzee, lakini ile ilikuwa ya kuombea ufadhili tu!”

“Kwa hiyo ulishika Biblia ukamdanganya hakimu? Hilo si letu, tutalipeleka polisi. Au ulisema kweli, na shamba ni la shemeji yako? Chagua.”

Silvano aliwatazama binamu zake. Wao walikuwa wakitazama viatu vyao.

“Ni la shemeji,” alisema hatimaye.

Mzee Lucian akaandika.

“Na viazi vilivyomo?” Filomena aliuliza.

“Viko kwenye shamba lako, mama.”

Watu wakaangua kicheko, na baadhi yao walikuwa wale wale vibarua. Silvano aliinuka, mishipa imemsimama shingoni. Tamaa ilikwisha kumlia shamba, hakutaka imlie na heshima.

“Chukueni!” alifoka. “Chukueni na viazi mle! Mwanangu atasoma bure mpaka amalize, na ninyi mtabaki na jembe lenu. Hamwamini? Subirini muwasikie wafadhili wenyewe.”

Alitoa simu, akaitafuta namba iliyomtumia ule ujumbe, akabonyeza spika na kuinyanyua juu ili baraza zima lisikie.

Ikaita mahali pawili kwa pamoja: mkononi mwake, na ndani ya mkoba wa Loyce.