Kijiti cha Pili

Bi Mize, nesi wa kituo chetu cha Jang'ombe, alinipa kijiti chenye pamba nchani, chembamba kama cha kutilia wanja.

"Unaingia nacho chooni, unajipima mwenyewe, kisha unanipa mimi. Hakuna wa kukutazama."

"Basi?"

"Basi."

Mwaka juzi mama alifika mpaka mlango huu huu, akaona daktari ni mwanamme, akageuka. Nyumbani akanambia, "Nshapimwa, mwanangu. Sina kitu." Nikamwamini, mpaka damu ikawa haifichiki tena. Ilikuwa saratani ya shingo ya kizazi. Alipofariki, doti yake ya kanga niliikata: kipande kimoja tulimfunikia tulipokuwa tukimkosha, cha pili ndicho nilichojifunga leo. Pindo lake bado lina harufu ya udi wake.

Nilipotoka chooni, Bi Mize alikitia kijiti changu ndani ya kichupa, akaandika jina langu. Kisha akatoa kingine kipya.

"Kama nyumbani kuna mtu mzima anaona haya kuja, mchukulie."

"Yupo mama," nilijibu upesi, kabla sijakumbuka, na mkono nshaunyoosha.