Chini ya Maneno ya Tausi

Bi Mwanakheri alikuwa akifinyanga chungu uani, mjukuu wake Riziki akaja na kompyuta. Riziki alikuwa ameandika makala juu ya wafinyanzi wa mji wao katika kamusi elezo ya mtandaoni, na ndani yake akaweka maneno ya mama yake, marehemu Tausi, aliyoyakuta katika kitabu kimoja cha ufinyanzi. Aliyatenga na mengine, akayasogeza ndani kidogo, yakakaa peke yake kama mgeni wa heshima.

"Haya, nisomee."

"'Udongo naukanda kwa mguu wa kushoto. Wa kulia una haraka.'"

Bibi akacheka hadi machozi. "Ndiye huyo huyo mwanangu! Na jina lake liko wapi?"

"Nililiandika hapo chini, Bibi. Wahariri wenzangu wamelifuta. Kitabu kinasema 'mfinyanzi mmoja' basi, nasi tunafuata kilichochapishwa."

"Waambie mimi ndiye niliyemzaa."

"Nimewaambia. Wanataka kitabu."

Katika nyumba ile chungu hakikuingia motoni kabla aliyekifinyanga hajakibonyeza dole gumba kwa chini, kijulikane ni cha nani. Bibi akanyoosha mkono, akabonyeza dole lake lenye udongo chini ya maneno yale.

"Bibi, hicho ni kioo!"

"Najua."

Riziki hakufuta. Aliteremsha ukurasa atafute pengine pa kuliweka jina. Maneno ya mama yake yakapanda juu, yakapotea. Alama ya dole ikabaki palepale, inakauka.