Hodi za Nguchiro

Mto ulipoanza kujaa, wanyama walimtuma Nguchiro azunguke kila asubuhi, aulize kila nyumba maji yamefika wapi. Nguchiro alikuwa king'ang'anizi. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya Kobe. Alibisha hodi, kimya. Akabisha tena na tena mpaka jua likawa la utosi, huku akijiuliza mle ndani kuna nini.

Siku ya tatu Fuko alimjia pale pale, amelowa chapachapa, wanawe mgongoni.

"Maji yameingia kwangu tangu juzi! Mbona hukufika?"

"Kobe hajaniitikia, dada."

"Kwani mwenye mlango ni Kobe peke yake? Hodi ni tatu, bwana! Usipoitikiwa, nenda kwa wengine, kisha urudi."

Kesho yake Nguchiro alibisha mara tatu, akaondoka shingo upande. Akawazungukia wote, ndipo akarudi. Alimkuta Kobe mlangoni, kichwa nje.

"Maji yako hatua mbili tu kutoka hapa," Kobe akasema.

"Na siku zote hizi ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Humu humu. Kila nikitoa kichwa nikuitikie, unagonga tena, nami nakirudisha ndani."