Kalamu ya Chaurembo

Siku ya uchaguzi Bi Sikudhani, ambaye haoni, aliambiwa achague mtu wa kumsaidia kupiga kura. Aliwaacha wanawe wote akamwita Chaurembo, jirani wa chama kingine, aliyekuwa akizozana naye tangu kampeni zianze.

"Mbona mimi, mama?" Chaurembo alinong'ona walipofika kibandani.

"Wanangu wananipenda, wangenichagulia wamtakaye wao. Wewe utafuata nilichosema. Haya, mtilie tiki yule wangu."

Chaurembo aliikazia macho picha ya mtu asiyempenda hata kidogo. Hakuna aliyemwona. Akatia tiki palepale alipoambiwa, akajistaajabia. Akaikunja karatasi, akampa mwenyewe na kumwongoza mkono hadi kwenye tundu la sanduku.

Bi Sikudhani aliishikilia kidogo, kichwa ameinamisha kama anayesikiliza, ndipo akaiachia.