Paka wa Mkandaji

Daktari wa mifugo alipomtoa Karafuu kikapuni, vidole vilimteleza. Manyoya ya paka yalinukia mafuta ya nazi. Bi Shemsa akainamisha uso kama mtoto aliyefumaniwa akilamba sukari.

Maisha yake yote alikuwa akiwakanda wanawake waliotoka kujifungua, siku arobaini kila mmoja. Uvimbe wa saratani ulipomtokea paka wake shingoni, hakujua kufanya lingine.

"Sindano zako sizikatai, mwanangu," alisema. "Lakini akishachomwa, hali wala hanywi. Nikimkanda, hula."

Daktari alijifuta vidole. "Mafuta acha, mama, atayalamba yamdhuru. Mikono usiache."

Basi akaandaa sindano, naye Bi Shemsa akaanza kukanda mgongo mwembamba ule, akivumisha wimbo usio na maneno. Chumba kikawa kama cha mzazi kilichojaa mvuke wa maji ya moto. Sindano ikaingia, na paka hakushtuka.

"Leo siku ya ngapi?" daktari akanong'ona.

"Ya kumi na mbili, katika arobaini."

Karafuu akafumbua jicho moja, akanyoosha miguu ya mbele, akaanza naye kumkanda bibi mkononi, kushoto, kulia, taratibu, kama anayehesabu siku zilizobaki.