Uzi Mmoja Uliolegea

Jumatatu saa tatu asubuhi, Kicheche, mkuu wa ulinzi, alimwendea Buibui aliyekuwa akifuma utando wa kumwamsha Mama Kanga adui akivijia vifaranga vyake.

"Dada, hapa legeza uzi mmoja, usitikisike."

"Kwa nini, bosi?"

"Nipite kukagua bila kuwasumbua watoto."

Buibui aliutazama uzi. "Sawa. Ila desturi yetu wafumaji, siku ya majaribio watoto wa aliyeagiza kazi ndio wanaolala ndani ya utando."

Kicheche aliruka. "Wanangu? Chatu akipita hapo je?"

"Kumbe unajua!"

"Wewe legeza! Kazi yako wanaitaka wengi."

Kesho yake asubuhi Buibui aliukaza uzi ule mbele ya Mama Kanga, akamweleza nani alitaka ulegee, kisha akaenda kutafuta kazi kwingine.