Sauti ya Mfereji

Maji ya bonde letu, kutoka msituni hadi tambarare, hugawiwa na mtambo unaozungumza kwa sauti ya msimamizi wa mwisho wa mifereji. Kwetu ni marehemu mume wangu, Elinaja.

Zamu yangu ikiisha husema, "Mama Nakijwa, funga." Nikichelewa huongeza, kama alivyozoea, "Mke wangu, maharage yako yanajifunza kuogelea?"

Basi mimi huchelewa makusudi.

Jana dada yake, Nanzia, alipanda kutoka shamba la chini. "Wifi, yangu yanakauka!"

"Nilikuwa namsikiliza."

Akaketi kando yangu. "Haya, aseme mara moja, nami nimsikie. Kisha tufunge."

Tukasubiri.

"Usihangaike tena, mke wangu," sauti ikasema kwa upole. "Kuanzia kesho nitakuwa nafunga mwenyewe, kimya kimya."